Sura ya Saba: Saa ya Afande, Iuzwe au Ibaki?

Tarehe 4 Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni Kampala akiwa na nakala ya hesabu ya benki. Hesabu yenyewe ilikuwa ya Ottoman Bank, na mwenye nayo alikuwa Kanali Idi Amin, naibu mkuu wa jeshi. Ilionyesha kwamba mwaka uliotangulia, katika muda wa wiki chache tu, kanali huyo aliweka zaidi ya shilingi 300,000. Mshahara wa kanali haukuweza kufika huko hata kwa miaka mingi. Ocheng alidai kwamba pesa hizo zilitoka kwenye dhahabu na pembe za ndovu za waasi wa Simba waliokuwa wakipigana upande wa pili wa mpaka, Kongo. Karibu bunge zima likaunga mkono Amin asimamishwe kazi. Waziri Mkuu Milton Obote, aliyekuwa ziarani kaskazini, alirudi mji mkuu, na kabla mwezi haujaisha akawatia ndani mawaziri wake watano na kumkabidhi Amin jeshi. Tume ya majaji iliundwa. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1971, Amin akiwa ameshakaa kwenye kiti cha rais.

Naanza na kisa hiki kwa sababu anayetaka kuamua kuhusu saa ya thamani Arua au Koboko ni lazima kwanza ajue iliingiaje nyumbani. Sura iliyotangulia ilihusu shamba, na shamba halina siri: kila jirani anajua lilikuwa la babu wa nani. Saa haina shahidi. Inaingia usiku mfukoni mwa mtu, inakaa miaka hamsini kwenye sanduku chini ya kanga, na siku mwenyewe akifa watoto wanaikuta na kuanza kutazamana.

West Nile, kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda iliko miji hiyo miwili, ilikuwa nchi ya kuchotea askari tangu enzi za King's African Rifles (KAR). Amin mwenyewe, Mkakwa ambaye Koboko inamhesabu kuwa wake, aliingia KAR mwaka 1946. Baada ya mapinduzi ya 25 Januari 1971 yaliyomweka Amin madarakani, vijana wa Kikakwa, Kilugbara, Kimadi, Kiaringa na Kinubi walipanda vyeo kwa kasi ambayo jeshi lolote lingeona ajabu. Mtu aliondoka kijijini akiwa koplo, akarudi na gari na dereva. Ndege za Uganda zilibeba kahawa kwenda Uingereza, na zikirudi kutoka uwanja wa Stansted zilibeba wiski, sigara, redio na anasa nyingine za kuwaridhisha maofisa. Waingereza waliziita ndege za wiski. Na baada ya Agosti 1972, Waasia walipopewa siku 90 waondoke, maduka ya Kampala, Jinja na Arua yaligawiwa watu ambao Uganda nzima iliwabandika jina la mafuta mingi. Katika barabara ya Entebbe askari wa vizuizini waliwavua wasafiri bangili, mikufu na saa kabla hawajafika kwenye ndege.

Kwa hiyo saa ya afande yaweza kuwa imeingia kwa mlango wowote kati ya mitatu. Huenda aliinunua. Wakati ule hilo halikuwa jambo la ajabu: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rolex ya chuma ya wazamiaji, Submariner, iliuzwa Marekani kwa bei isiyofika dola 300, na ofisa aliyetumwa mafunzo ng'ambo aliweza kuimudu. Huenda alizawadiwa na mkubwa wake. Au huenda aliivua kwenye mkono wa mtu. Kwa majengo ya Waasia, Uganda ilitunga sheria mwaka 1982 ya kuyarudisha kwa wenyewe au kuwalipa fidia. Kwa saa hakuna sheria ya namna hiyo, wala ofisi ya kwenda kuuliza. Kuna dhamiri ya familia tu, na kwa maoni yangu familia inayokuta nyuma ya saa jina la mtu mwingine limechongwa, jina ambalo mzee hakuwahi kulieleza, imtafute huyo mtu au watoto wake kabla ya kumtafuta mnunuzi. Wengi wao wako Leicester, London na Toronto. Jina la ukoo na mji waliotoka mara nyingi vinatosha kuwapata.

Mwaka 1979 mizani iligeuka. Jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin waliiteka Kampala 11 Aprili, wakavuka Nile, na mwanzoni mwa Juni vita vilikuwa vimefika ukingoni, mpakani mwa Sudan. Wakazi wengi wa Arua na Koboko walikuwa wameshakimbilia Zaire, yaani Kongo ya leo, na Sudan. Waliobaki, na waliorudi mapema, waliyaona mabaya zaidi baada ya Watanzania kuondoka: tarehe 24 Juni 1981, askari wa serikali mpya ya Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, waliwaua raia waliojihifadhi kwenye misheni ya Ombaci, kilomita chache tu kutoka Arua mjini. Ng'ombe hawakuweza kwenda haraka ya kutosha. Nyumba haibebeki. Cherehani ni nzito. Saa ilivuka mpaka ndani ya soksi.

Na hapa ndipo saa ilipojipatia heshima yake katika nchi hii, maana pesa za karatasi ziliwafia watu mikononi, tena na tena. Mkimbizi aliyevuka kuingia Zaire mwaka 1979 na kubadilisha shilingi zake alikaa miezi michache tu: mwishoni mwa Desemba Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10, siku za kubadilisha zilikuwa chache, na mtu wa porini bila akaunti akabaki na karatasi. Aliyeshikilia shilingi za Uganda hakupona. Juni 1981 Obote aliiachia shilingi ielee, na dola iliyokuwa takriban shilingi 8 kwa bei ya serikali ikawa takriban 78. Waliorudi nyumbani katikati ya muongo ule wakakuta ya tatu: Mei 1987 serikali ya Museveni ilikata sifuri mbili kwenye shilingi, na juu yake ikatoza asilimia 30 ya kila pesa iliyobadilishwa. Aliyeuza saa Machi akaficha pesa taslimu kwenye godoro alipoteza karibu theluthi ya saa yake kufikia Juni. Zaire nako, mwaka 1993, zaire 3,000,000 za zamani ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1. Koboko, ambako mpaka wa nchi tatu uko umbali mfupi tu kutoka sokoni, pale Salia Musala, wafanyabiashara wanakumbuka na pigo la jirani wa tatu: Desemba 2015 Sudan Kusini iliiachia paundi yake, na dola ikaruka kutoka paundi 2.96 hadi zaidi ya 18 kwa usiku mmoja.

Mzee aliyepitia hayo yote akikwambia saa yake haiuzwi, msikilize. Hana ushamba wala majivuno. Amepiga hesabu ambayo wachumi wa Kampala hawakulazimika kuipiga.

Ila hesabu hiyo ina tarehe. Kundi la mwisho kubwa la waasi wa West Nile, UNRF II, lilitia saini amani Yumbe 24 Desemba 2002. Koboko ikawa wilaya mwaka 2005. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, imetiwa lami. Arua ni jiji tangu Julai 2020, na mwaka 2024 umeme wa gridi ya taifa ukafika. Katika nchi kama hiyo chumba cha kupangisha karibu na barabara kinaleta pesa kila mwezi, na saa iliyo sandukuni haileti kitu, inakula. Saa ya mashine hutaka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa. Mipira inayozuia maji hukauka. Vumbi la Januari na unyevu wa Agosti huingia, uso unapata madoa, akrabu zinashika kutu, na kila mwaka unaopita unakata bei bila mtu kujua. Saa iliyowekwa kwa ajili ya kukimbia nayo, katika nyumba ambayo haikimbii tena, imemaliza kazi yake.

Mkakwa wa Yei, ng'ambo ya mpaka huko Sudan Kusini, ana jibu jingine. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016 watu wa Yei na vitongoji vyake walimiminika Uganda, na kambi ya Bidibidi ikafunguliwa Yumbe Agosti mwaka huohuo. Kwa ndugu hawa vita ni habari ya jana, pengine na ya kesho. Kama yupo mwenye saa ya thamani ndani ya hema, na anakula bila kuiuza, sina ujasiri wa kumwambia aiuze. Ukoo mmoja, lugha moja, mashauri mawili.

Turudi kwa familia ya Koboko, na tuibuni ili tusimguse mtu. Baba, ofisa mstaafu, amefariki bila wosia. Ameacha mjane mmoja, wana wawili, binti wawili, na saa ambayo mnunuzi wa kweli angeinunua kwa shilingi milioni 30. Mwana mkubwa ameshaivaa. Aliivaa siku ya arobaini, mbele ya wazee, na hakuna aliyemwuliza neno. Sasa anataka "kuitunza kwa niaba ya familia".

Swali la kwanza, kabla ya kuuza au kuweka, ni saa ya nani. Sheria ya mirathi ya Uganda kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inagawa mali ya aliyekufa bila wosia hivi: watoto asilimia 75, mjane asilimia 20, wategemezi 4, na mrithi wa kimila 1. Kwa saa yetu, watoto wanne wanagawana milioni 22.5, mjane anapata milioni 6, wategemezi 1,200,000, na heshima ya kuwa mrithi wa kimila, ile aliyoivalia mwana mkubwa, ina thamani ya shilingi 300,000. Familia nyingi za Koboko na za mtaa wa Oli, Arua, ni za Kiislamu na hugawa kwa mirathi ya dini: mjane thumuni, yaani 3,750,000, na zilizobaki, kama wazazi wa marehemu hawapo, wana na mabinti mbili kwa moja. Wana 8,750,000 kila mmoja, mabinti 4,375,000 kila mmoja. Kwa njia zote mbili mwana mkubwa amevaa mkononi mali ambayo sehemu kubwa si yake.

Nasisitiza hili kwa sababu saa, tofauti na shamba, haina ukoo unaoilinda. Ardhi ya West Nile kwa sehemu kubwa ni ya kimila. Ukitaka kuiuza, wazee watakuja, majirani watakuja, na shangazi aliyeolewa Maracha atakuja. Saa inauzwa na mtu mmoja jioni moja. Ndiyo maana wanaoumia ni mjane na mabinti, na ndiyo maana mkutano wa familia ufanyike saa ikiwa mezani, picha zake zikiwa kwenye simu za watu wote.

Kama saa ni ya dhahabu na wanaume wa nyumba ni Waislamu, jambo limekuwa jepesi zaidi: dhahabu kwa mwanamume ni haramu kuivaa. Mwana mkubwa aivue. Ibaki kwa binti au iuzwe.

Swali la pili ni kama ni saa kweli. Soko la Arua limejaa zinazometameta, nyingi zikitoka China kupitia Dubai, na ukitaja Rolex stendi bila kufafanua utaletewa chapati iliyokunjwa na mayai, ambayo angalau hakuna anayekudanganya juu yake. Wengi hutazama akrabu ya sekunde: ikiruka mara moja kila sekunde ni ya betri, ikiteleza ni ya mashine. Kipimo hicho kilikuwa kizuri zamani. Bandia za leo nazo zinateleza. Kwa Rolex za miaka ile, mkanda ukivuliwa utaona namba zimechongwa ubavuni mwa kasha katikati ya pembe zinazoushika mkanda: upande wa namba 12 ni ya modeli, upande wa namba 6 ni ya saa yenyewe, isiyorudiwa. Zinasomeka kwa mistari mikali na safi. Namba ya pili huonyesha takriban saa ilitengenezwa mwaka gani, na ikisema 1985 wakati mzee alistaafu kwa risasi mwaka 1979, familia ina maswali mengine ya kujibiwa.

Usiipeleke kung'arishwa. Nalisema kwa nguvu kwa kuwa silika ya kila mtu ni kuipamba bidhaa kabla ya kuipeleka sokoni. Fundi saa wa barazani, mtu mwenye mikono mizuri na meza yenye kioo, atakusugulia kasha mpaka ujione humo, atakupakia uso rangi mpya na kukubadilishia akrabu zilizofifia, na kwa shilingi elfu hamsini atakuwa amekutoa mamilioni. Wakusanyaji wa Ulaya na Hong Kong hulipia zaidi uso wa awali uliogeuka rangi ya chai kuliko uso mpya unaong'aa. Hata wakala rasmi wa kiwanda, ukimpelekea saa ya zamani kuihudumia, mwambie kwa maandishi asibadilishe uso wala akrabu, na arudishe kila kipuri alichotoa.

Kinachoinua bei kuliko uzima wa saa ni habari inayoweza kuthibitishwa. Mfano mkubwa uko Oman. Sultani Qaboos alipochukua kiti cha baba yake Julai 1970 alikuwa na vita Dhofar, na maofisa wa Kiingereza waliomtumikia alikuwa akiwazawadia saa za Rolex zilizochapwa nembo ya jambia usoni au kuchongwa nyuma. Saa zilezile, bila jambia, ni saa nzuri za zamani. Zenye jambia huuzwa minadani kwa bei iliyozidishwa mara kadhaa, na zenye barua na picha za ofisa aliyepewa huzidi hapo. Kilele cha ugonjwa huu kilikuwa Oktoba 2017 New York, ambako Phillips waliuza Rolex Daytona iliyovaliwa na mwigizaji Paul Newman kwa dola milioni 17.75. Kiwanda kilitoa saa nyingi za aina ile; mkono ulioivaa hiyo ulikuwa mmoja.

Je, mkono wa afande wa Amin unaongeza bei? Kuna watu watakaolipa zaidi kwa sababu ya jina hilo, na kila familia iamue kama inataka pesa ya namna hiyo. Mimi nisingeitaka saa itangazwe kwa damu. Lakini risiti ya duka la London ya mwaka 1973, picha ya mafunzo, hati ya jeshi yenye jina na cheo, hizo ni ushahidi kwamba saa ilipatikana kihalali, na ushahidi huo unalipwa vizuri popote. Bila karatasi, hadithi ya "alipewa na Big Daddy mwenyewe", yaani Amin, mnadani ni kelele.

Wapi kuuza? Isiwe Arua, wala Ariwara ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Wanunuzi wa dhahabu wa mpaka huu ni hodari wa vumbi la dhahabu la Mongbwalu na Durba, machimbo ya Kongo, na saa ya dhahabu wataiweka kwenye mizani kama vumbi. Muulize mmoja wao bei ya gramu, kisha mshukuru uondoke: hiyo ni sakafu yako, chini yake usiteremke. Saa ya chuma kwao haina bei kabisa. Nyumba za minada kama Christie's, Sotheby's na Phillips hupokea picha kwa intaneti na kukupa makadirio bila malipo. Tuma picha za uso, mgongo, namba na karatasi. Ukiwa na ndugu Uingereza au Dubai, aende nayo akiitangaza forodhani, akiwa na barua ya familia yenye sahihi za warithi wote na namba ya saa. Kamisheni itauma. Iache iume. Na usiharakishwe na habari za bei kupanda: soko la saa zilizotumika lilipaa mpaka mwanzoni mwa 2022, kisha likaporomoka miaka miwili mfululizo, na waliokopa wakanunua kileleni bado wanajutia.

Nimeulizwa pia kuhusu kukopea. Tangu sheria ya 2019 ya dhamana za mali zinazohamishika, mali kama saa inaweza kuandikishwa kuwa dhamana katika daftari la URSB, ofisi ya usajili ya serikali. Mkopeshaji akiipokea ataikadiria kwa hofu, na riba itaila saa polepole. Anayehitaji ada ya muhula auze mbuzi.

Shauri langu kwa familia ile ya kubuni, na kwa za kweli zinazofanana nayo: iuzeni nje, pamoja, kwa maandishi, na pesa zigawiwe siku ileile kabla hazijapata mlinzi. Bakini nayo kwa sababu moja tu, kwamba warithi wote, mjane akiwamo, wanajua bei yake na wamesema kwa vinywa vyao kwamba hawaitaki pesa hiyo. Na kwa ambao mwenye saa bado yu hai, anzeni leo na kazi isiyo na gharama: mketi naye, mwashe simu irekodi, mumwombe aeleze ni duka gani, mwaka gani, nani alimpa, na ziko wapi zile karatasi. Askari aliyekuwa na miaka 20 siku ya mapinduzi ya 1971 sasa ameshapita 70.